Kitasa cha sefu kikigoma: soma dalili kabla ya kulaumu kiwanda

Kabla ya lolote, mlango wa sefu uwe wazi. Kila kipimo nitakachoeleza hapa, isipokuwa kile cha mlango unaogoma ukifungwa, kifanywe kitasa kikiwa mezani, au mlango ukiwa wazi na makomeo yake yakitokeza hewani. Sheria hii niliilipia. Nilifunga kitasa kipya cha namba kwenye sefu ya duka la dawa kule Ngara, Nairobi, nikajaribu namba mara moja, ikakubali, nikarudisha mlango, nikachukua malipo yangu nikaenda. Wiki ya tatu, Ijumaa jioni, mwenye duka akapiga simu.

"Fundi, hii sefu imekataa, na mishahara ya wasichana wangu iko ndani."

"Mama, usiizungushe tena. Nakuja."

Kesho yake tulitoboa mlango. Njiani nilikuwa nimeshakihukumu kitasa: cha bei nafuu, kimetoka mbali, ningetarajia nini? Nilipokifungua mezani nikakuta magurudumu ya namba yako sawa, springi iko sawa, ulimi, kile chuma kinachotoka na kurudi ndani, uko sawa. Skrubu mbili za kushikilia kitasa ndizo zilikuwa hazijashika chochote. Mimi ndiye niliyezitia.

Tangu siku hiyo nakusanya vitasa vya sefu vya kuagizwa na kuvipima kimoja kimoja. Vingine nanunua vipya kwa waagizaji wa Nyamakima na Eastleigh, vingine napata mnadani ofisi ikihama, vingine nachomoa kwenye sefu ambazo mwenyewe ameamua kuzitupa. Rafuni kuna vya namba vya muundo wa Sargent & Greenleaf 6730 na LaGard 3330, vya ufunguo vya Ujerumani kama Mauer, STUV na Wittkopp, Chubb vya Uingereza vilivyobaki kwenye sefu za ofisi za zamani, Godrej vya India, na vya Uchina, ambavyo ndivyo vingi sokoni kwa sasa. Kila kimoja kina kadi iliyofungwa kwa uzi: tarehe, aliyeniuzia, uzito, na vipimo. Kitasa kisicho na risiti wala mtu wa kukisemea sikichukui, hata kikiuzwa bei ya chuma chakavu.

Nilichojifunza kwenye kadi hizo ni kwamba kitasa huumia mahali panne: kiwandani, safarini, kinapofungwa mlangoni, na mikononi mwa mtumiaji. Dalili za mahali hapo hazifanani, na ukizisoma vizuri hutamrudishia mwagizaji kitasa kizima, wala hutamfungia mteja kibovu.

Kwanza mhuri, lakini haraka

Vitasa vya namba vya Marekani hupimwa kwa kanuni ya UL 768, ya shirika la UL linalopima usalama wa bidhaa. Kundi la 2 ndilo la kawaida kwenye sefu za biashara. Kundi la 1 hutakiwa kustahimili saa 20 za mtaalamu anayejaribu kuifumbua namba kwa mkono na sikio. Ulaya hutumia EN 1300, yenye madaraja A hadi D. Daraja A, ambalo ndilo la chini, hutaka kitasa cha ufunguo kiwe na funguo tofauti zisizopungua 25,000, na cha namba kiwe na namba tofauti zisizopungua 80,000. UL na VdS, shirika la Ujerumani la kuthibitisha ubora, wana orodha zao mtandaoni. Kabla hujalipia boksi zima, tafuta jina na modeli iliyoandikwa kwenye kitasa. Usitafute iliyo kwenye boksi.

Stika ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na cheti cha PVoC, mpango ulioanza 2005 wa kukagua bidhaa kabla hazijapakiwa kuja Kenya, ni vitu vya kudai. Lakini vyote vinazungumzia mzigo. Hiki kitasa kimoja kilicho mkononi mwako utakipima wewe.

Kimetoka boksini, dayali inazunguka, ulimi haurudi

Usikitupe bado. Vitasa vingi vya muundo wa Marekani hutoka kiwandani magurudumu yote matatu yakiwa kwenye 50. Zungusha dayali, lile duara la nje lenye alama za namba, kushoto, yaani kinyume na mwendo wa saa, ipite 50 mara tatu, isimamishe inapofika 50 mara ya nne, kisha rudi kulia polepole mpaka ikatae kwenda. Hapo ulimi unapaswa kuwa umeingia ndani. Nimeona vitasa vizima vikirudishwa dukani kwa sababu karatasi ya maelezo ilipotea na hakuna aliyejua habari ya 50.

Kama bado, geuza kitasa utazame kifuniko cha nyuma. Ndani ya vitasa vingi kuna kizuizi chenye springi ambacho hushikiliwa na kifuniko hicho. Kazi yake ni kuudaka ulimi endapo mtu atakigonga kitasa kwa nyundo mpaka kifuniko kitoke. Sasa fikiria mtikisiko kutoka kiwandani hadi bandarini, meli hadi Mombasa, treni hadi bohari ya makontena Embakasi, kisha pikapu hadi mjini. Skrubu za kifuniko zikilegea kidogo, kizuizi hudhani kuna mwizi na hufanya kazi yake. Bonyeza kifuniko kwa kidole gumba. Kikicheza, kaza skrubu zake na ujaribu tena. Zikilegea mara ya pili mbele yako, basi nyuzi zake zimeliwa, na hicho ni cha kurudisha.

Ukiona kutu ya kijani kwenye shaba au unga mweupe kwenye zinki, hilo ni jasho la kontena: unyevu uliogandia juu ya bati na kudondokea maboksi. Rangi ikifutika na kitambaa, sawa. Ikiacha vishimo juu ya ulimi au kwenye ukingo wa gurudumu, kataa.

Namba inakubali mahali si pake

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine kote, na naomba nawe ukae.

Ndani ya kitasa cha namba kuna magurudumu matatu, kila moja lina pengo moja ukingoni. Ukipatia namba zote tatu, mapengo hujipanga, kijiti kilicho kwenye leva, mkono mdogo ulioshikana na ulimi, huyaangukia, na kamu, kipande kinachozungushwa na dayali moja kwa moja, huivuta leva pamoja na ulimi. Dayali ina alama 100, kwa hiyo kwa hesabu ya karatasi kuna namba 1,000,000. Lakini hakuna kitasa kinachodai usahihi wa unywele, lazima kiwe na nafasi ya kukosea. Kwa kitasa cha Kundi la 2 chenye magurudumu matatu, nafasi hiyo haipaswi kuzidi alama 1¼ kila upande.

Weka namba unayoijua, tuseme 30–60–45. Kisha badilisha moja tu, nusu alama kila mara: 30.5–60–45, 31–60–45, mpaka ikatae. Rudi upande wa pili: 29.5, 29, mpaka ikatae. Andika inapoanzia kukubali na inapoishia. Fanya hivyo kwa namba ya pili, kisha ya tatu. Kazi hii huchukua saa nzima na mkono huchoka, lakini ukimaliza unakuwa umekijua kitasa hicho kuliko aliyekuuzia.

Angalia upana kwanza. Kitasa kizuri rafuni mwangu hukubali kuanzia 29 hadi 31: upana wa alama 2. Mwaka jana nilinunua kimoja kilichong'aa kama saa ya harusi, kikakubali kuanzia 27 hadi 33 kwa magurudumu yote matatu. Piga hesabu. Upana wa 2.5 unakupa nafasi 40 kwenye dayali, yaani namba 64,000 ambazo kweli ni tofauti. Upana wa 6 unakupa nafasi kama 16 na nusu, yaani namba zisizofika 5,000. Mteja amelipia milioni moja akapewa elfu tano, na hatajua kamwe, kwa sababu sefu yake inafunguka vizuri kila asubuhi. Hilo ndilo linaloniuma. Pengo pana kwenye gurudumu hufanya kitasa kilichotengenezwa ovyo kionekane laini mkononi. Ulaini huo ndio wauzaji husifu dukani. Upana wa namna hii ni wa kiwandani, hauna dawa.

Kisha angalia katikati. Jumlisha mwanzo na mwisho, gawa kwa mbili, linganisha na namba uliyoweka. Hapa kitasa huanza kusema wapi kinauma.

Magurudumu yote matatu yakihama upande mmoja kwa kiasi kilekile, magurudumu hayana kosa. Nilipimiwa kimoja kikakubali 31.5 hadi 34, 61.5 hadi 64, na 46.5 hadi 49: kila moja limehama kwa 2.75. Pete ya dayali, ile yenye alama ya kusomea, ilikuwa imefungwa ikiwa imegeuka kidogo. Nililegeza skrubu zake, nikaisawazisha, kikapona.

Likihama gurudumu moja tu, kosa liko kwenye kubadilisha namba. Ufunguo wa kubadilishia haukuingia mpaka mwisho, au haukuzungushwa robo duara kamili, na gurudumu likateleza. Weka namba upya, taratibu, kwenye alama ya kubadilishia iliyo kushoto, si ile ya kufungulia. Na utumie ufunguo wa kitasa chenyewe: wa Sargent & Greenleaf na wa LaGard si mmoja, na anayelazimisha huvunja ndani.

La kwanza na la tatu yakihama upande mmoja, na la pili upande wa pili, kuna ulegevu mahali fulani kati ya dayali na magurudumu. La kwanza na la tatu hufikiwa kwa kuzungusha kushoto, la pili kwa kulia, kwa hiyo ulegevu huonekana pande mbili tofauti. Shika kamu kwa kidole, tikisa dayali. Ikitikisika kabla kamu haijaenda, kipini kinachoifunga kamu kwenye mhimili, ule ufito unaotoka kwenye dayali, hakijakaa. Kikiwa kimelika, badilisha. Kikiwa kimelegea tu, kisukume kikae. Ni kijipande kidogo kuliko kucha, na kimesababisha sefu nyingi kutobolewa bure.

Jambo moja la kuongeza: kwenye vitasa hivi namba ya mwisho isiwe kati ya 0 na 20. Eneo hilo hutumika kufungulia. Mteja akitaka namba ya mwisho iwe 12 kwa sababu mtoto alizaliwa tarehe 12, mweleze kwa upole na umkatalie.

Leo inafunguka, kesho inakataa

Uliza swali moja: kuna mtu alipuliza mafuta ndani? Mara nyingi jibu ni ndiyo, na aliyefanya hivyo alidhani anasaidia. Mafuta ya kopo huingia kati ya magurudumu, hukusanya vumbi letu jekundu, hukauka yakawa gundi. Gurudumu uliloliacha kwenye 30 huburutwa na jirani yake mpaka 32 bila wewe kujua. Asubuhi za Julai, baridi ikikaza, hali huwa mbaya zaidi, na saa saba mchana sefu hufunguka kana kwamba hakukuwa na tatizo. Ukisikia malalamiko ya aina hiyo, ya asubuhi na mchana, usitafute kwingine.

Dawa ni kufungua kifuniko, kutoa magurudumu huku ukipiga picha kila hatua, kuosha vya shaba kwa spiriti, kukausha, na kurudisha vikavu. Sehemu za plastiki zisiguswe na thina. Grisi nyeupe ya lithiamu, kiasi cha punje ya mchele, iwekwe kwenye mapito ya ulimi peke yake.

Mlango ukiwa wazi ni kizima, ukifungwa kinagoma

Kitasa hakina kosa. Ulimi umebanwa na makomeo ya mlango. Sukuma mpini kuelekea upande wa kufunga, ushikilie hapo, kisha umalizie namba ya mwisho. Ikifunguka, umepata jibu, sasa tafuta kinachobana: sefu imewekwa sakafu isiyolala sawa, bawaba zimeshuka, au daftari na bahasha zimejazwa mpaka zinausukuma mlango kutoka ndani. Kwenye ofisi ya Sacco moja niliitwa na fundi mwenzangu aliyekuwa ameshaagiza kitasa kipya. Tuliweka kipande cha bati chini ya mguu mmoja wa sefu, kazi ikaisha.

Dayali ni nzito upande mmoja wa mzunguko

Legeza skrubu za pete ya dayali. Uzito ukiisha, pete haikukaa katikati. Usipoisha, legeza skrubu za kitasa chenyewe, nusu mzunguko kila moja. Uzito ukiisha sasa, bamba la mlango halijanyooka: kuna rangi nene, au matone ya weldi, na ulipokaza skrubu ulikipinda kitasa. Sefu nyingi zinazotengenezwa hapa mjini zina bamba la namna hiyo, na si aibu, ni kupiga tupa na kupima kwa rula mpaka mwanga usipite chini yake. Uzito usipoisha kwa njia zote mbili, mhimili umepinda. Uviringishe juu ya kioo utaona.

Na sasa zile skrubu za Ngara. Vitasa vya muundo wa Marekani hutumia skrubu za robo inchi zenye nyuzi 20 kwa inchi. Vya Ulaya na vingi vya Uchina hutumia M6. Robo inchi ni milimita 6.35, M6 ni 6 kamili. Kwa macho ni pacha. Skrubu ya M6 huingia kwenye tundu la robo inchi, huzunguka, hata hujifanya imekaza mizunguko ya mwisho, lakini nyuzi hazijashikana: moja hupanda milimita 1 kwa mzunguko, nyingine 1.27. Nilikuwa nimechanganya mbili za boksi moja na mbili za jingine. Kwa wiki tatu mlango ulipigwa, zile mbili zikatoka polepole, kitasa kikalala upande, mhimili ukabanwa, magurudumu yakaacha kusimama yanapoambiwa. Tangu hapo kila skrubu naiingiza kwa vidole kwanza. Ikiingia inacheza, si yake.

Brasi au zinki?

Wengi huja na sumaku kupima kama magurudumu ni ya brasi, ile shaba ya njano, au ya zinki. Sumaku itakufichulia chuma kilichopakwa rangi ya shaba, lakini brasi na zinki zote haivuti, na ulaghai wa kawaida uko kati ya hizo mbili. Ninatumia mizani ndogo ya sonara na glasi ya maji. Pima gurudumu likiwa kavu: tuseme gramu 33.6. Weka glasi ya maji juu ya mizani, rudisha kwenye sifuri, kisha lishikilie gurudumu kwa uzi likiwa limezama lote bila kugusa chini wala kando. Mizani ikisema 4.0, gawa: 33.6 kwa 4.0 ni 8.4. Hiyo ni brasi. Ikikaribia 6.7, ni zinki iliyopakwa.

Zinki yenyewe si kosa. Mwili wa kitasa kwenye vitasa vizuri sana huwa ni zinki. Kosa ni kuuziwa magurudumu ya zinki kwa bei na jina la brasi. Tena kuna zinki chafu, iliyochanganyika na risasi tangu kiwandani, ambayo unyevu ukiifikia huvimba na kupasuka nyufa kama matope ya mtoni yaliyokauka. Nina kitasa kimoja kizee ambacho kifuniko chake kimejikunja hivyo peke yake, rafuni, bila kuguswa na mtu. Ukiona ufa mmoja wa namna hiyo, usikifunge popote.

Vya ufunguo, kwa ufupi

Ufunguo ukiingia mgumu, jaribu wa akiba kabla ya kugusa kitasa. Wa akiba ukipita vizuri, tatizo ni nakala. Usipige tupa leva hata moja. Angalia pia urefu: funguo za sefu za Ujerumani huja kwa urefu tofauti kulingana na unene wa mlango, na ulio mfupi kidogo hugeuka nusu kisha hukwama. Kwenye Chubb za zamani zenye kigunduzi, ambacho hati miliki yake ya kwanza ilitolewa 1818, ufunguo usio wake huinua leva kupita kiasi, na kitasa hujifunga hata kwa ufunguo halali. Geuza ufunguo halali kinyumenyume kwanza, leva irudi mahali pake, ndipo ufungue. Niliwahi kumweleza hivyo mzee mmoja kwa simu. Alinyamaza kidogo, nikasikia mlio wa chuma, kisha akasema, "Imefunguka, kijana wangu. Tangu Jumatatu nilikuwa nalia nayo."

Kinachofaulu mezani nakifungua na kukifunga mara 50 kwa namba ileile, halafu nakipima upana tena. Ukiongezeka hata kwa nusu alama, kadi yake naiandika kwa kalamu nyekundu, na mwagizaji nampelekea kitasa pamoja na kadi, asome vipimo mwenyewe.